Baiskeli ya Deo na Sahani ya Watu Wawili

Naanza na aibu yenyewe nisije nikaikwepa nikifika katikati. Mimi, mama wa miaka sitini na tisa, ninayekomunika kila Jumapili, niliyewachapa watoto wangu watano kwa kosa la kucheka msibani, nilitapika kwenye maua ya sherehe ya watu mbele ya wageni waliojaa turubai zima, na kabla ya kutapika nilikuwa nimefanya jambo baya kuliko hilo, na pale kwenyewe hakuna aliyenialika, nilifika kwa baiskeli. Video ipo. Nimeambiwa imefika mpaka Mwanza. Basi afadhali mlisikie kwangu mwenyewe, maana kwenye ile video unaona mtu anafanya vituko tu, huoni alitoka wapi.

Mimi ni mtu wa Kimwani, kule Muleba. Nimeishia darasa la nne, lakini kusoma na kuandika najua, na hili naliandika mwenyewe kwenye daftari la mjukuu. Mzee wangu, baba wa watoto, alifariki, huu mwaka wa nne, nikabaki na shamba langu la migomba na kahawa, na sikumsumbua mtu. Sasa mwaka jana nikateleza shambani asubuhi nikavunjika mkono, nikalala pale chini ya mgomba mpaka jua likawa utosini ndipo jirani akapita. Watoto wakasikia. Wakafanya kikao chao cha kwenye simu (mimi sikuitwa), wakakubaliana kwamba Mama hawezi tena kukaa peke yake, akakae kwa Deo, Bukoba mjini.

Deo ndiye kijana wangu wa pili. Ana nyumba Bilele, nzuri, ina vigae mpaka chooni. Ana duka la vifaa vya ujenzi Miembeni. Anatoka saa moja asubuhi, mkewe Anitha naye anatoka saa moja na nusu kwenda ofisini, wajukuu wako shule ya bweni, na mimi nabaki na vigae. Wakaniondoa Kimwani ili nisikae peke yangu, wakaja kunifungia geti.

Simsemi vibaya Anitha. Kila siku ananiachia chakula kwenye hotipoti, na nikifungua saa saba kinatoa moshi. Ila kwetu mtu hali peke yake akiwa mzima. Kimwani ukimimina ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, kwenye jani la mgomba, yeyote anayepita njiani unamwita, akisema ameshiba unamwambia aonje, na akikataa hata kuonja basi huyo ana neno na wewe na ni vizuri umejua mapema. Mimi kwa Deo nilikuwa nafungua hotipoti, nasali, nasema "karibuni" kwa mazoea ya mdomo, halafu nasikia friji inanguruma. Nikajaribu kumwita jirani wa upande wa pili wa ukuta. Akajibu msichana wa kazi, "Mama hayupo, Bibi." Kesho yake vilevile. Siku ya tatu hata msichana hakujibu.

Mezi minne hiyo... ona, nimekosea hata kuandika, miezi minne. Miezi minne sijala na mtu mchana.

Sasa ile baiskeli. Daktari alimwambia Deo apunguze tumbo, Deo akanunua baiskeli yenye gia kama trekta, akaipanda mara mbili, tumbo likabaki palepale na baiskeli ikaenda stoo. Mimi baiskeli najua. Mzee wangu ndiye aliyenifundisha nikiwa na mtoto wa kwanza, wakati huo mwanamke akipanda baiskeli watu wanatoka nje kuangalia, na mama mkwe wangu alisema mengi, lakini aliyekuwa anapeleka kahawa chama cha msingi mume wangu akiugua ni nani? Ni mimi. Gunia nyuma, kilima mbele.

Na kwenye dirisha la jikoni nilikuwa naona kile kinjia cha lami walichokiweka pembeni ya barabara kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli. Kinatoka juu huku, kinashuka, kinafuata ziwa, halafu kinapanda tena kwenda nje ya mji, na Anitha aliwahi kuniambia kwamba pembeni yake watu wanauza vyakula mwanzo mpaka mwisho, vijana wanaendesha wanasimama wanakula, wanaendesha wanasimama wanakula. Siku hiyo asubuhi nikaitazama hotipoti, nikasema hapana. Leo nitakula na mtu. Nitafuata hiyo lami mpaka nimpate.

Hilo tu ndilo lililoniponza. Kama ningefungua ile hotipoti leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Nikavaa gauni langu refu la kitenge, nikafunga kanga kiunoni, nyingine kichwani, nikatoa baiskeli, nikafungua geti kwa ufunguo wa akiba (walifikiri sijui unapokaa). Gia sikuzigusa. Nilipoanza kushuka nilipiga kelele kidogo, sitaficha, lakini mguu haukusahau kitu, na lami ile ni laini, si kama njia zetu za kupigana na mizizi, na upepo wa ziwa ukanipiga usoni nikajisikia kama naenda mahali ninapongojwa.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa mama mmoja anayeuza chai na maandazi. Benchi limejaa watu. Nikasalimu kwa Kihaya, "Nyegera waitu," nikakaribishwa, nikapewa nafasi, nikachukua chai na maandazi mawili, nikamkatia nusu kijana aliyekaa kulia kwangu. Akaliangalia lile andazi kama nimempa hati ya mahakama. "Hapana Bibi, asante, nimeshakula." Nikamgeukia wa kushoto, huyo masikio yamezibwa na vile vidude vya simu. Nikamwambia mwenye chai, "Mama, keti basi tunywe wote." Akacheka. "Bibi, nikiketi mimi nani atageuza maandazi?" Ni kweli. Nikala yote mawili.

Kituo cha pili ziwani. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na mwanamume mmoja anakaanga pale pale, harufu inakufuata mita mia. Nikanunua kikombe. (Zamani sisi wanawake senene tulikamata na kuchambua tu, walaji ni wanaume. Mzee wangu alikuwa ananipa kwa siri jikoni, tunatafuna tumeangalia mlango, tunacheka kama wezi.) Nikakaa kwenye benchi la saruji walipokuwa wasichana wawili wa chuo, nikawanyooshea kikombe.

"Shikamoo Bibi. Umekuja na hiyo baiskeli?"

"Marahaba. Nimekuja nayo. Chukueni."

"Wewe mwenyewe? Umeendesha?"

"Sasa ningeibeba? Chukueni senene."

Wakachukua mmoja mmoja kwa vidole viwili. Halafu wakasimama mmoja kulia mmoja kushoto, wakapiga picha na mimi na baiskeli, wakasema "Asante Bibi, umetisha," wakaenda zao. Nikadhani wanakwenda kunawa mikono wanarudi. Nikawangoja. Senene zikapoa, nikamaliza kikombe.

Kituo cha tatu ndipo nilipojiharibia tumbo. Ni kibanda cha katogo, ile ndizi na utumbo zilizopikwa sufuria moja, na yule mama mpishi alikuwa anajua kazi yake, harufu ilinirudisha Kimwani moja kwa moja. Akaniuliza, "Nikupimie ya ngapi, mama?" Na mimi, sijui niliingiwa na nini, nikasema, "Weka ya watu wawili kwenye sahani moja. Na vijiko viwili."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Anakuja."

Nikaweka kijiko cha pili upande wa pili wa meza. Nilikuwa na hesabu zangu: mahali penye kijiko kinachongoja, mtu atakaa. Watu wakaja, wakaona kijiko, wakasema "ooh, kuna mtu," wakaenda meza nyingine. Yaani kijiko ndicho kilichowafukuza. Yule mama akapita mara ya kwanza, akapita mara ya pili, mara ya tatu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nikufunikie ya mwenzako?" Nikamwambia kwa ukali, "Hakuna haja, amepata udhuru." Na kwa kuwa mimi sijawahi kutupa chakula tangu nizaliwe, na kwa kuwa nilikuwa nimeshadanganya na sikutaka aone sahani imebaki, nikaila ya watu wawili. Yote. Nikaramba na kijiko.

Hapo mtu mwenye akili angegeuza baiskeli. Mimi nikaona kurudi nikiwa nimeshiba bila kula na mtu ni kushindwa mara mbili, nikaendelea kupanda na ile lami kutoka nje ya mji, nasukuma zaidi ya kuendesha, jua la saa nane kichwani, tumbo limejaa mpaka kwenye koo.

Ndipo nikaona turubai.

Sasa mnisikilize vizuri hapa kabla hamjacheka. Turubai limefungwa kwenye uwanja wa nyumba, limekaribia kugusa kile kinjia. Viti vya plastiki vimejaa watu. Pembeni kwenye migomba masufuria makubwa juu ya mafiga, wanawake wamefunga kanga wanageuza ndizi. Mlangoni pa turubai kuna picha kubwa ya mzee, imewekwa kwenye fremu, imezungushiwa maua, na chini wameandika jina, Mwalimu Leopold, na mwaka wa kuzaliwa. Watu wote wameinamisha vichwa, kimya, na sauti ya katekista inasikika, "...tunakushukuru Bwana kwa maisha ya mtumishi wako Leopold..."

Niambieni. Wewe ungesema ni nini?

Na kwetu huwezi kupita msiba ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka. Huwezi kupita hata kama umeshuka, unaingia. Tuna vyama vya kuzikana, jina linaitwa, na anayezoea kupita misiba ya wenzake siku yake anazikwa na wanawe peke yao. Na mwanamke mtu mzima haingii msibani kimya kama fundi aliyekuja kupima mlango. Anaingia analia, tangu mlangoni, mikono kichwani, ili wafiwa wajue wamepata mtu. Hiyo ni adabu. Nilifundishwa na mama yangu, nami nimewafundisha wangu.

Basi nikalaza baiskeli kwenye nyasi, nikafungua kanga ya kichwani nikaifunga kifuani, nikaweka mikono kichwani, nikaingia.

"Yooooo! Yooo tata weee, baba weee! Mwalimu weee! Umetuacha na nani!"

Katekista akakata sala. Vichwa vikainuka vyote mara moja. Nami nikaona wamenisikia, nikaongeza, maana sauti yangu ya msibani inajulikana Kimwani yote, wakati mwingine nafuatwa na pikipiki.

"Yooo! Nani ataketi mezani kwako sasa! Kiti chako kitakaliwa na nani!"

Na hapo ndipo jambo lilipobadilika. Nilikuwa nimeanza kwa desturi, jamani, kwa desturi tu, lakini neno la meza liliponitoka mdomoni nikamwona mzee wangu kabisa, ameketi na bakuli lake, na machozi yaliyokuja hayakuwa ya desturi tena. Sikulia hivyo hata siku tuliyomzika, siku ile nilikuwa na wageni wa kulisha.

"Wewe uliyekuwa unanibakizia kichwa cha samaki!" nikalia. "Kila siku kichwa cha samaki! Uliyekuwa unanipa senene kwa siri tukacheka jikoni! Sasa nani atanipa! Umeniacha nakula na friji!"

Nikapiga magoti mbele ya picha. Nikaishika kwa mikono miwili.

Kimya kilichokuwepo hakikuwa cha msiba. Kimya cha msiba nakijua. Nikainua macho, na kwenye meza ya mbele, katikati, chini ya mapambo ya dhahabu, ameketi mzee wa kwenye picha. Amevaa suti. Ana shada la maua shingoni. Ana kipande cha keki kwenye uma, na uma umesimama hewani.

Akasema polepole, "Mama, mimi mzima."

Nikaiachia picha. 

"Leo natimiza miaka themanini," akaendelea, kama mtu anayeomba radhi. "Watoto wamenifanyia sherehe."

Mtu akaanza kucheka nyuma, halafu wengi, simu zimeinuliwa kama mishumaa ya Pasaka, na mshereheshaji, kijana mwenye miwani ya jua, akakamata kipaza sauti akidhani anasaidia: "Mabibi na mabwana, wengine wanaleta mbuzi, wengine wanaleta bahasha, Bibi ametuletea mazoezi ya siku yenyewe!"

Wakacheka zaidi. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hakucheka. Kando ya Mwalimu aliketi mkewe, wanamwita Ma Koku, mama mnene wa gauni la zambarau, naye alikuwa ananiangalia usoni bila kupepesa. Akanyoosha mkono kumnyamazisha mshereheshaji. 

"Leopold," akasema. "Kichwa cha samaki ulimbakizia nani?"

"Mke wangu, mimi huyu mama simjui."

"Humjui. Na senene za jikoni?"

"Simjui kabisa!"

"Mimi kwenye hii nyumba nina miaka hamsini na miwili. Kichwa cha samaki huyu anakula mwenyewe mpaka macho, hajanibakizia hata mwiba." Akanigeukia. "Wewe mama. Jikoni gani mlikuwa mnachekea?"

Nawaambia, nimezaa watoto watano, nimezika mume, nimelala na mkono uliovunjika chini ya mgomba, lakini sijawahi kutaka ardhi ipasuke kama dakika ile. Nikasema, "Jamani waitu, ni mume wangu. Nilikuwa namlilia mume wangu. Niliona picha, nikaona maua, nikaona masufuria."

"Mume wako alikufa leo?"

"Mwaka wa nne."

"Kwa hiyo unatembea na baiskeli unamlilia kwenye sherehe za watu."

Na ukiitazama vizuri ndivyo ilivyokuwa.

Wazee wa meza ya mbele wakaanza kunong'ona kwa Kihaya, kwamba mtu kuliliwa akiwa hai, tena siku yake ya kuzaliwa, si jambo la kuachwa hivihivi. Mmoja akataka nifukuzwe. Mwingine akasema nikifukuzwa nitaondoka na kilio kitabaki kwenye nyumba. Mwalimu Leopold ndiye aliyeamua, na nadhani alikuwa ananihurumia, na nadhani pia alikuwa anamwogopa mkewe. Akasema, "Maiti haili. Leteni sahani moja. Nitakula mimi na mama huyu na Ma Koku, sahani moja, watu wote waone nakula. Kilio kitakwisha, na mke wangu ataona kama tunajuana au hatujuani."

Ma Koku akasema, "Hilo ni sawa. Mtu namjua kwa anavyokula na mwenzake."

Mnaona Mungu anavyocheza? Miezi minne natafuta mtu wa kula naye. Nimeendesha baiskeli Bukoba nzima nikimtafuta, nimewanyooshea wageni senene kama kichaa. Na sasa nimepata wawili kwa mpigo, wazee wenzangu, watu wanaojua nini maana ya sahani moja. Ikaletwa sinia, ebitoke laini za rangi ya dhahabu, nyama, mchuzi wa karanga, imewekwa juu ya jani la mgomba kama inavyotakiwa. Nikanawishwa mikono. Na tumboni mwangu hapakuwa na nafasi ya punje ya mtama.

Kukataa siwezi. Nikikataa, nimesema Mwalimu ni maiti, sitaki kula na maiti. Nikamega tonge la kwanza. Mwalimu naye akamega, watu wakapiga makofi. Ma Koku akamega, macho kwangu. Tonge la pili. Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Mume wako alikuwa anafanya kazi gani?" Nikasema, "Mkulima wa kahawa. Alikuwa anakula taratibu kama wewe." Na Ma Koku akalegea kidogo, nililiona bega lake linashuka, akanisogezea kipande kinono cha nyama kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, mama," akasema. "Kula, pole."

Hiyo pole ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa naweza kuukaza mwili kwa maneno makali, lakini si kwa pole. Nikaiweka ile nyama mdomoni, nikameza, na ile katogo ya watu wawili ikasema hapana.

Nilisimama. Nilitaka kufika migombani. Nilifika mlangoni tu, na pale mlangoni kilichokuwepo ni ile picha na yale maua.

Sitaeleza. Video inaeleza. Nilisikia mwanamke anapiga kelele, "Chakula kina nini!" na watu wakarudisha sahani mezani haraka haraka, na hiyo ndiyo aibu niliyowaachia wenye nyumba, kwamba mgeni alikula kwao akatapika, na hapa kwetu mnajua watu wanafikiri nini mara moja, sumu. Ikabidi niseme kwa sauti, nikijifuta mdomo na kanga, mbele ya katekista na wote: "Chakula ni kizuri! Ni mimi! Nimekula tangu asubuhi! Maandazi mawili, senene kikombe, na katogo ya watu wawili!"

"Ya watu wawili?" mshereheshaji akauliza kwenye kipaza sauti. "Na nani, Bibi?"

"Peke yangu."

Hapo hakucheka hata mmoja. Afadhali wangecheka.

Ma Koku alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akanimiminia maji, akaninawisha uso kama mtoto, hakuniuliza tena habari za samaki. Deo akafika hatujamaliza. Hakupigiwa simu na mtu, alikuwa dukani akionyeshwa na mteja video ya Bibi wa baiskeli akilia kwa Mwalimu Leopold, akacheka, halafu akaitambua kanga.

Aliomba radhi kwa Mwalimu, akaomba radhi kwa Ma Koku, akaomba radhi mpaka kwa wapishi. Ma Koku akasema, "Karibu tena, mama," na mimi nikasema asante, lakini najua karibu ya kumsindikiza mtu mlangoni ikoje, na mlango ule nilishauchafua. Deo akapakia baiskeli nyuma ya gari. Tukashuka na barabara, kile kinjia cha lami pembeni yetu, vijana wanaendesha wanasimama wanakula.

"Mama," akasema mwishowe, "ulikuwa unatafuta nini huko?"

"Mtu wa kula naye."

"Si tunakuachia chakula?"

"Chakula mnaniachia. Mtu hamniachii."

Tukafika Miembeni. Akasema, "Ungesema tu, Mama." Nikamwambia, "Nimekwisha kusema. Nimesema mpaka kwenye kipaza sauti." Nikaona anauma mdomo, sikujua anacheka au analia, na sikumuuliza, maana mwanamume anayeendesha gari haulizwi.

Siku hizi Alhamisi anafunga duka saa saba anakuja kula. Alhamisi tu, siku nyingine wateja hawamruhusu. Napika mwenyewe, napakua sahani moja, anakula haraka akiangalia saa, simu iko mfukoni (hilo nilimwambia sitalivumilia), ananieleza bei ya saruji na mimi nasikiliza bei ya saruji. Si haba.

Alhamisi iliyopita hakuja. Alituma ujumbe, mzigo umeingia kutoka Mwanza. Nilikuwa nimeshapakua. Nikaketi, nikasali, nikala sehemu yangu nikaacha yake. Nilisikia kilio kinapanda, nikakimeza na maji. Nimeapa, na mimi nikiapa nimeapa: sitalia tena mahali ambapo hakuna aliyekufa.